HRV 24 kwenye saa, ndo sababu ya hizi hasira zangu za karibu?

WakalaMwanjelwa

Wadau habari za jioni, poleni na baridi kwa wa huku kwetu. Naomba kuuliza kitu, mwenye ujuzi anisaidie, na wa matani mje pia najua hamkosekani.

Mi ni dada wa miaka 38, nafanya uwakala wa miamala ya simu hapa Mwanjelwa, Mbeya. Kama ushawahi kukaa ndani ya kile kibanda siku za mwisho wa mwezi unajua nachoongelea, mtu katuma hela namba siyo, kabonyeza yeye mwenyewe kwa kidole chake, ila anakuja kukufokea wewe, nyuma yake foleni, floti imeisha, mtandao nao unazunguka tu. Zamani nilikuwa navumilia. Sa hivi napandwa fasta, koo linakaba, mikono inatetemeka mpaka noti nahesabu narudia narudia, na nikishamjibu mtu vibaya ile hali inakaa na mimi mpaka usiku, naosha vyombo huku bado nagombana nae kichwani.

Sasa mdogo wangu yuko chuo, kaniachia saa janja yake ya zamani, yeye kanunua ingine. Nalala nayo. Asubuhi inaniletea namba inaitwa HRV, yangu inacheza 24, 21, 27 hapo hapo, yeye anasema yake ni 68. Nikamwambia shosti wangu, akanitumia ujumbe wa sauti mrefuu, eti kasoma mtandaoni mtu mwenye HRV ndogo ubongo wake hauwezi kudhibiti hisia na imeshathibitishwa. Toka hapo sina amani, yani nikikasirika nawaza ni moyo, nikiwaza moyo nazidi kupaniki.

Presha nimepima iko sawa. Je ni kweli moyo ndo unanifanya niwe hivi? Hiyo namba inapandishwaje? Au niende hospitali nikawaambie saa imesema (wasije wakanicheka tu)?

Mnyalu_Halisi

Kamwene dada. Mi nikiwa kwenye foleni ya wakala alafu nikaambiwa "floti hakuna" sidhani kama kuna saa itaweza kunisoma 😂😂 Ngoja waje wajuzi, nimekaa pembeni na ulanzi wangu.

TabibuNjombe

Dada pole na majukumu. Mi ni tabibu, nipo Njombe, nitaandika kirefu kidogo maana huyo shosti wako kakupa nusu ya habari, na ile nusu aliyoiacha ndo ilikuwa ya muhimu.

Kwanza hiyo namba. Moyo ukipiga mara 70 kwa dakika usidhani kati ya pigo na pigo muda ni ule ule. Hapa inaweza ikawa milisekunde 830, linalofuata 890, linalofuata 850. Hizo tofauti ndo zinapimwa. Kwa saa nyingi HRV 24 maana yake, kwa wastani wao, tofauti ya muda huu na unaofuata inazunguka kwenye milisekunde 24. Siyo asilimia wala siyo maksi za mtihani. Na tofauti hizo kuwepo ni afya. Waliolishtukia hili mapema ni madaktari wa uzazi, Hon na Lee kule Marekani miaka ya 1960, waliona mtoto aliyeko tumboni akianza kuelemewa zile tofauti ndogo zinapotea wakati idadi ya mapigo bado inaonekana ya kawaida kabisa. Mwaka 1987 Kleiger na wenzake wakatoa matokeo ya wagonjwa 808 waliowahi kupata shambulio la moyo, wale ambao tofauti zao zilikuwa chini ya milisekunde 50 walikufa wengi zaidi kuliko wale wa juu ya 100. Sasa hapo angalia vizuri: hao walikuwa wagonjwa wa moyo, wamefungwa ECG (kipimo cha umeme wa moyo) ya masaa 24, na hesabu iliyotumika siyo hata ile ya saa yako. Watu wanachukua namba ya kule wanaibandika kwa dada mzima anayefanya kazi Mwanjelwa, ndo maana mnaogopeshana humu mitandaoni.

Hisia zinaingiaje. Kwenye moyo kuna sehemu inayoanzisha mapigo, ukiiacha yenyewe bila neva yoyote kuigusa inapiga kama 100 kwa dakika. Ukikaa zako una 65 au 70 kwa sababu kuna neva inaitwa vagasi, inatoka kwenye shina la ubongo inapita shingoni mpaka kifuani na tumboni, kazi yake mojawapo ni kuushika moyo usikimbie. Waza semi imepakia viazi inashuka Kitonga, mguu uko kwenye breki. Gari kuongeza mwendo haihitaji ukanyage mafuta, ukilegeza breki kidogo tu inatoka. Mteja akikufokea kitu cha kwanza ndani mwako ni vagasi kulegea, na inalegea ndani ya sekunde moja, kabla hujapata hata neno la kumjibu. Adrenalini na ule upande wa mapambano, wanaita simpathetiki, unachelewa sekunde kadhaa, ila ukishaingia hautoki mapema, ndo hiyo mikono kutetemeka na ugomvi wa kwenye vyombo.

Na breki hiyo inashikwa na kulegezwa kila ukipumua. Ukivuta hewa inalegea moyo unaongeza, ukitoa inashika moyo unapunguza. Jaribu sasa hivi, weka vidole viwili kwenye kifundo cha mkono, pale unapovalia saa, upande wa kidole gumba, pale nesi anaposhika, vuta pumzi taratibu alafu itoe taratibu zaidi, utasikia mapigo yanasogeleana alafu yanaachana. Kwa kijana inasikika wazi, umri ukienda inafifia. Hapo tu ushajua kwa nini we na mdogo wako wa chuo hamtakiwi kulinganishwa.

Habari ya ubongo aliyosoma shosti inatokana na hoja ya Julian Thayer na Richard Lane ya mwaka 2000. Wanasema sehemu ya mbele ya ubongo, hapa nyuma ya paji la uso, inayokusaidia kupima jambo na kujizuia, ina njia inashuka kupitia sehemu za ndani kama amigdala, ile inayoshtuka ikihisi hatari, mpaka kwenye shina la ubongo inapoanzia vagasi. Yani mtandao unaotuliza hisia ndo huo huo una mkono kwenye breki ya moyo. Kwa hiyo HRV ya mtu aliyepumzika inaweza kudokeza mtandao huo unafanyaje kazi. Inadokeza tu lakini, maana vitu vingi vinaishusha ambavyo havihusiani na tabia yako: umri, usingizi mbovu, pombe, mafua, kukaa kutwa bila kutembea, na dawa baadhi.

Hospitali: namba peke yake haikupeleki. Kinachokupeleka ni moyo kwenda mbio umekaa tu, mapigo kuruka na kizunguzungu, kuzimia, kifua kubana, kupungua uzito bila sababu, au wasiwasi na huzuni zinazokunyima usingizi wiki na wiki. Ukiwa na mojawapo nenda, na wala usianze na saa, anza na unachokisikia mwilini.

DerevaWaTunduma

Tabibu umenikosha na Kitonga ila kama dereva siwezi kuacha ipite, ukishuka Kitonga mguu kwenye breki muda wote zitachemka mpaka utoke moshi, sisi tunashuka na gia nzito na breki ya injini, mguu unagusa na kuachia. Sasa swali langu, hiyo vagasi nayo inachemka? Maana mi nikikaa foleni ya boda pale Tunduma nalala kwenye kabini siku na siku, nikija kufika Makambako mtu akinipigia honi tu nataka nishuke tuongee vizuri.

TabibuNjombe

@DerevaWaTunduma hahaha haya nimekubali gia nzito. Haichemki, hapo mfano wangu umefika mwisho wa barabara. Ila kukosa usingizi kunakufanya hivyo kweli na haihitaji HRV kujua. Mwaka 2007 Yoo, Matthew Walker na wenzao waliwakesha vijana wazima wa afya alafu wakawaonyesha picha mbaya mbaya huku wakiwapiga picha za ubongo, amigdala zao zilishtuka zaidi kwa kama asilimia 60 kuliko za waliolala, na mawasiliano yake na ile sehemu ya mbele yakawa dhaifu. Huyo wa honi Makambako hana kosa kubwa sana, we umechoka. Lala kwanza bosi, na usiendeshe hivyo.

Mkimbiaji_Gangilonga

Naomba niingie upande wa saa maana naona wote mmeiamini kirahisi sana. Mi nakimbia, niko Iringa, na hizi saa nimezivaa za kila aina.

Saa ya mkononi haipimi umeme wa moyo. Chini ina taa ya kijani inaangalia damu inavyopita kwenye ngozi. Kuhesabu mapigo inajitahidi, lakini HRV inataka usahihi wa milisekunde, sasa mkono ukitikisika, au saa ikiwa imelegea, au mkono una baridi na damu haifiki vizuri kwenye ngozi, hapo inakisia. Na baridi ya Mbeya ya mwezi wa saba mnaijua wenyewe. Ndo maana nyingi zinasubiri ulale ndo zipime. Mkanda wa kifuani unaosoma umeme wa moyo ni mambo mengine kabisa, ila bei yake pia ni mambo mengine.

Alafu hazitoi kitu kimoja. Apple Watch inakupa SDNN, Garmin na Fitbit wanakupa RMSSD, ni mahesabu mawili tofauti, unaweza vaa zote mbili usiku mmoja ukapata namba zisizofanana na hakuna iliyokosea. Za bei chee nyingine hazisemi hata zinapiga hesabu gani. Kwa hiyo dada hiyo 24 yako na 68 ya mdogo wako kwenye saa yake mpya huwezi kuziweka kwenye mzani mmoja hata kama mngekuwa mapacha.

Nachofanya mi najilinganisha na mimi. Naangalia wastani wa wiki, ikishuka chini ya kawaida yangu siku mbili tatu mfululizo najua ama mafua yanakuja ama nimejikamua sana mazoezini ama kulikuwa na ulanzi (Mnyalu nakuona hapo pembeni). Pombe inaishusha usiku ule ule, saa inakusema asubuhi bila hata aibu.

Na mjue kubwa siyo lazima iwe nzuri. Kuna ule ugonjwa chemba za juu za moyo zinatetemeka badala ya kupiga, mapigo yanakuja ovyo ovyo, huyo mtu HRV yake inasoma juu hatari, na ni mgonjwa anayehitaji daktari.

MzeeWaTukuyu

Vijana mna mambo. Sisi tumelelewa hasira unaimeza, mtu mzima ananyamaza, anaenda shambani anapalilia migomba yake yamekwisha. Leo mtu anasingizia neva. Mwanangu mheshimu mteja wako, saa itupe.

Mnasihi_Iringa

Shikamoo mzee wangu. Kwenye migomba niko na wewe asilimia mia, kazi ya mikono na kutembea vinasaidia kweli. Ila kwenye kumeza naomba nibishe kidogo kwa adabu, maana ndo kazi yangu, nakaa na watu wanaomeza kila siku.

Kuna mtu anaitwa James Gross, Mmarekani, kafanya kazi kubwa sana kwenye hili. Mwaka 1993 yeye na Robert Levenson waliwaonyesha watu filamu ya kuchefua, wengine wakaambiwa wafiche kabisa, mtu akiwaangalia usoni asijue. Waliweza. Nyuso zikatulia. Ila kile wanachokisikia ndani hakikupungua, na mwilini dalili za ule upande wa mapambano zikapanda, mfano jasho la vidoleni. Baadaye, 1998, Gross akapanga vizuri kwamba hisia ina hatua, unaweza kuiingilia mapema kabla haijawaka, au ukaja kuificha ishawaka. Kuingilia mapema ni kubadilisha unavyolitafsiri jambo. Dada wa wakala, yule aliyetuma hela namba siyo, ukimuona "huyu ananidharau" mwili unakwenda njia moja, ukimuona "huyu kapoteza ada ya mtoto na hajui atamwambia nini mke wake" unakwenda njia ingine, na mtu ni yule yule, makelele ni yale yale. Hiyo haitoki siku moja, unaifanyia mazoezi ukiwa umetulia nyumbani, unaiandaa kabisa, ili akija awe amekukuta nayo.

Sasa turudi kwenye HRV maana kuna kitu watu hawasemi. Wanawapima watu kwa namna mbili, wakiwa wamepumzika na wakiwa katikati ya tukio, na hizo mbili siyo kitu kimoja. Mwaka 2006 Emily Butler, Frank Wilhelm na huyo huyo Gross waliwaweka akina dada wawili wawili waongee juu ya filamu ya kuumiza waliyotoka kuitazama. Wale walioambiwa wajizuie, na wale walioambiwa waibadilishe tafsiri, wote HRV yao ile inayofuata pumzi ilipanda kuliko wa kwenye kundi ambalo halikuambiwa kitu. Yani ikipanda pale pale kwenye tukio inaweza kuwa ni mtu anajikaza tu, moyoni bado kumechafuka.

Na ule uhusiano ambao shosti anasema umethibitishwa, upo, ila ni mdogo jamani. 2017 Holzman na Bridgett walikusanya tafiti zaidi ya 100 za HRV na uwezo wa mtu kujiongoza, kwa kipimo ambacho 0 ni hakuna kabisa na 1 ni moja kwa moja, wao walipata chini kidogo ya 0.1. Ukichukua watu maelfu utaona huo mwelekeo. Ukimchukua mtu mmoja na 24 yake huwezi kumwambia chochote juu ya hasira zake. Mi nina wateja HRV zao za wanariadha na wanapiga watu nyumbani.

Tena inaenda pande zote mbili. Kazi ya kufokewa kutwa, umekaa, umekunja mgongo, chai ya saa nne umekunywa saa nane, usiku unafunga hesabu haziingiliani, hiyo yenyewe inatosha kuishusha. Kwa hiyo swali la "moyo ndo unanifanya niwe hivi" mi ningeligeuza niulize hicho kibanda kinakufanyaje.

MzeeWaTukuyu

Marahaba. Hapo kwenye ada ya mtoto umenigusa, kumbe hata sisi tulikuwa tunafanya hivyo bila kujua jina lake. Ila saa bado nasema itupwe.

MamaRozari

Wanangu mimi niko Tosamaganga, simu ni ya mjukuu. Mimi nikishika rozari yangu, nikifika fungu la pili hivi nasikia moyo wote umeshuka, hata kama siku ilikuwa mbaya. Hiyo nayo mtasema ni vagasi au mtaniachia Bikira Maria wangu?

TabibuNjombe

Shikamoo mama. Tunakuachia vyote viwili 😄

Na usishangae, rozari imepimwa. Luciano Bernardi wa Pavia, Italia, mwaka 2001 alichapisha kwenye jarida la madaktari la Uingereza, BMJ, aliwapima watu wazima 23 wakisali Salamu Maria kwa Kilatini, kupokezana kama mnavyofanya kanisani, na wakikariri mantra za yoga. Zote mbili zilishusha upumuaji mpaka kama pumzi 6 kwa dakika, wakati kawaida mtu anapumua kati ya 12 na 20. Na mawimbi ya moyo na ya presha yakaanza kwenda pamoja.

Kwa nini 6? Kwenye mishipa mikubwa ya shingoni na ule unaotoka kwenye moyo kuna vihisio vya presha. Presha ikipanda vinapeleka taarifa, ubongo unaagiza moyo upunguze, ikishuka unaagiza uongeze. Mzunguko huo mzima unachukua kama sekunde 10. Ukipumua pumzi moja kwa sekunde 10, ndo hizo 6 kwa dakika, pumzi na mzunguko wa presha vinagongana sehemu moja, na mapanda shuka ya moyo yanakuwa makubwa kuliko mwendo mwingine wowote. Paul Lehrer na Evgeny Vaschillo ndo wamelifanyia kazi sana, wanasema kila mtu ana mwendo wake, kati ya 4.5 na 6.5 hivi kwa dakika. Watu wanafundishwa huku wanaangalia grafu ya moyo wao kwenye kioo. 2017 Goessl na wenzake walijumlisha tafiti 24 za mafunzo hayo wakakuta stresi na wasiwasi vinapungua, na siyo kidogo.

Bila grafu unafanya hivi: kaa, vuta kwa pua kama sekunde 4, tumbo litoke mbele siyo mabega kupanda juu, toa kwa sekunde 6 mdomo umeubana kidogo. Usijaze mapafu mpaka pomoni, wengi wanakosea hapo, wanavuta hewa nyingi mno wanapata kizunguzungu alafu wanasema haifai. Wanaofundisha wanapendekeza kama dakika 20 kwa siku, ila mwenye 5 aanze na 5.

Lingine la haraka ukiwa umewaka kabisa ni maji ya baridi usoni, kuzunguka macho na pua, ukibana pumzi kidogo. Kuna tendo la mwili la kuzamia, vagasi inaushika moyo ghafla. Mwenye ugonjwa wa moyo asifanye. Na huku kwetu sihitaji kuwaambia maji ya baridi mtayapata wapi.

MwanakwayaRujewa

Na kwaya je? Maana sisi tukitoka mazoezini hata waliogombana wanatoka wanacheka.

Mnasihi_Iringa

@MwanakwayaRujewa ipo. Björn Vickhoff wa Chuo Kikuu cha Gothenburg, Sweden, 2013, vijana wa miaka 18 waliimba pamoja na moyo wa kila mmoja unapimwa. Kwenye wimbo wa kanisa wenye mistari mirefu mioyo ilipanda na kushuka kwa pamoja, kwa sababu wote wanavuta pumzi mwisho wa mstari na kuitoa wakiimba. Mstari mrefu ni pumzi ndefu ya kutoa, hapo ndo kuna kazi. Ingawa kwa hao waliogombana nadhani na soda baada ya mazoezi inachangia.

WakalaMwanjelwa

Jamani asanteni, ndaga fijo kama wanavyosema Tukuyu. Nimesoma yote, mengine nimerudia.

Nimeanza ile ya 4 na 6 asubuhi kabla sijafungua na mchana nikifunga dirisha kula. Ukweli ni kwamba HRV iko pale pale, 25, 23. Ila leo kaja mbaba na yale yale ya namba siyo, anapiga meza, nikaanza kusikia koo linakaba, nikaitoa pumzi ndefu huku naandika namba ya muamala kwenye daftari ili asione nafanya nini, alafu nikamuuliza hiyo hela ilikuwa ya nini. Akasema ya mbolea. Sauti ikashuka yenyewe. Tukapiga huduma kwa wateja wote wawili tumeinamia simu moja. Sijui kama itarudi, ila mikono haikutetemeka sana na noti nilihesabu mara moja tu.

Sasa niache kuangalia saa au niendelee? Na mama yangu anatumia propranolo ya presha, nataka nimfundishe hiyo pumzi, kuna shida? Anasema labda kwa hiyo pumzi ataachana na vidonge.

Mkimbiaji_Gangilonga

Usiku vua, ulale. Ikikutia wasiwasi haina faida, wasiwasi wenyewe unaishusha 😅 Ukitaka kuendelea nayo angalia wastani wa mwezi basi, kila asubuhi ya nini.

DerevaWaTunduma

Na mi nikiwa kwenye usukani naweza fanya hiyo 4 na 6?

TabibuNjombe

@DerevaWaTunduma kwenye foleni gari limesimama sawa, ukishuka mlima akili yote iwe barabarani. Usihesabu sekunde huku unahesabu kona.

@WakalaMwanjelwa mama anaweza kupumua hivyo, akiwa amekaa, asijilazimishe, akisikia kizunguzungu arudi kwenye upumuaji wake wa kawaida. Vidonge asiache. Propranolo ukiikata ghafla moyo unaweza kurudi kwa kasi mbaya na presha ikapanda, mtu akafika hospitali kwa hilo tu. Aendelee na dozi kama alivyoandikiwa, na klinik aliyoandikiwa ndo waamue kama itapunguzwa. Na asivae hiyo saa yako akaanza kusoma HRV, akiwa kwenye dawa ya aina hiyo moyo unaenda taratibu na hiyo namba inabadilika kwa sababu ya dawa, mtaanza kupigiana simu usiku bure.

Mnyalu_Halisi

Nimemaliza uzi na ulanzi kwa pamoja. Kesho asubuhi saa isinisemeshe.